Maana rahisi ya neno la Kiingereza, rahisi kwa nani?

Kila Januari shule zikikaribia kufunguliwa, meza za wauza vitabu pale Kariakoo na kwenye vibaraza vya Posta hujaa vijitabu vyembamba vya msamiati wa Kiingereza kwa watoto. Juu ya jalada kuna tufaha, mpira na paka mweupe. Ndani kuna neno, picha, na mstari mmoja wa maana ulioandikwa kwa Kiingereza hicho hicho. Mzazi anafunua kurasa mbili tatu, anaona sentensi ni fupi na herufi ni kubwa, anatoa hela. Jalada limeshamwahidi kwamba kila neno limeelezwa kwa lugha nyepesi.

Ahadi hiyo ndiyo ninayoibishia. Ufupi wa sentensi hauifanyi iwe nyepesi. Maana iliyoandikwa kwa ajili ya mtoto inapaswa kupimwa kwa jambo moja tu: akishaisoma, anaweza kufanya nini ambacho hakukiweza kabla? Anaweza kunyoosha kidole akasema hiki ndicho, kile sicho? Anaweza kulitia neno kwenye sentensi aliyoitunga mwenyewe? Kama hawezi, alichopewa ni mstari wa kukariri, na kwa upande wa kukariri watoto wetu hawajambo kabisa.

Nimewahi kushika daftari la mtoto wa darasa la nne huko Tabata, mtoto wa jirani, lenye maelezo ya neno "cupboard" yaliyonakiliwa kutoka ubaoni kwa mwandiko safi wa kupigiwa mfano: "a piece of furniture with doors and shelves used for storing things". Maelezo ni sahihi. Maneno 12, na hakuna hata moja refu la kutisha. Nikamuuliza mwenye daftari cupboard ni nini. Akatiririka mpaka mwisho bila kukwama.

"Sasa humu ndani ipo?"

Akazungusha macho sebule nzima. Nyuma ya mgongo wake kulikuwa na kabati la vyombo, lile la vioo, limejaa sahani za wageni. Akasema haipo.

"Na furniture ni nini?"

"Hiyo bado hatujaifikia, anko."

Jibu lake lilikuwa la haki. Katika yale maneno 12, matatu hakuyajua: "furniture", "shelves" na "storing". Tisa aliyajua. Kwenye mtihani, tisa kwa 12 ni asilimia 75, na mzazi yeyote angefurahi. Kwenye kusoma hesabu ni nyingine. Mwaka 2000 watafiti wa usomaji Hu na Nation walichapisha utafiti uliofikia hitimisho kwamba msomaji anayejisomea mwenyewe bila msaada anahitaji kuyajua takriban maneno 98 kati ya 100 ili aielewe hadithi vizuri. Na hadithi ina huruma. Neno likikushinda mstari wa kwanza unaweza kuliruka, ukakutana nalo tena chini huko sungura anapotoroka, na maana ikajileta yenyewe. Mstari wa maana hauna "chini huko". Ukiteleza kwenye neno moja la katikati, hakuna pa kushikilia.

Wazungu wenyewe walilijua tatizo hili zamani. Samuel Johnson, aliyetoa kamusi yake maarufu jijini London mwaka 1755, alipofika kwenye neno la kitu kilichosukwa kama wavu alilieleza kwa istilahi nzito za Kilatini ambazo Mwingereza wa kawaida alilazimika kuzitafutia maana nazo. Ingekuwa kwenye soko la samaki la Feri, mvuvi angenyanyua wavu wake tu, akauonyesha.

Dawa ya ugonjwa huo haikupatikana London. Ilipatikana kwenye madarasa ya watu ambao Kiingereza hakikuwa chao. Michael West, mwalimu Mwingereza aliyefanya kazi Bengal wakati India ikiwa chini ya utawala wa Uingereza, alitoa mwaka 1935 pamoja na James Endicott kamusi ya wanafunzi yenye maingizo kama 24,000, na yote yakaelezwa kwa kutumia maneno 1,490 tu. A. S. Hornby aliandaa ya kwake akifundisha Japani. Ilichapwa Tokyo mwaka 1942, vita vikiwa vimepamba moto. Mwaka 1978 wachapishaji wa Longman wakatoa kamusi ambayo maana zake zote ziliandikwa kwa orodha ya maneno kama 2,000. Kila kijitabu unachokiona leo kikijisifu kwamba kimeandikwa kwa lugha nyepesi ni mjukuu wa kazi hizo, hata kama aliyekiandika hajawahi kumsikia West.

Ila mjukuu amesahau sharti la babu. Maneno 1,490 yalikuwa kiingilio. West hakusema mtu yeyote ataelewa. Alisema aliyekwisha kuyajua hayo ataelewa mengine yote yaliyobaki. Sasa mpeleke mtoto wa Mbagala au Gongo la Mboto ambaye Kiingereza anakisikia darasani peke yake, vipindi vichache kwa wiki, dawati moja wamebanana wanne. Mtaala ulioanza kutumika Januari 2024 unamtaka aanze kujifunza Kiingereza darasa la kwanza, na mimi siupingi. Lakini huyu hajalipa kiingilio bado. Ukimpa kamusi ya Kiingereza kwa Kiingereza, umemfungia nje ya mlango na kumwambia ufunguo uko ndani.

Kuna mtego mwingine ambao hata orodha fupi haiukwepi. Maneno madogo ya Kiingereza ndiyo yenye maana nyingi. "Get", "put", "make", "up", "run": kwenye orodha kila moja linahesabiwa neno moja linalojulikana, wakati ukweli ni ukoo mzima umeingia kwa tiketi ya mtu mmoja. Mtoto anajua "put" ni kuweka na "up" ni juu, halafu anakutana na maelezo kwamba kuvumilia ni "put up with". Ataweka nini juu?

Chukua neno la kila siku kabisa, "river". Vijitabu vingi vitakwambia mto ni maji "fresh" yanayotiririka kwenda baharini. Mtoto wa Dar es Salaam analijua neno hilo tangu hajaanza shule, kwa sababu akisalimiwa "mambo?" anajibu "freshi". Kwake maana yake ni safi, shwari, hakuna tatizo. Kwa hiyo mto ni maji safi. Mtoto anayeishi Jangwani, ambaye kila masika anauona Msimbazi ukipita na magodoro, chupa na kila uchafu wa mjini, atakuwa na haki ya kukataa kwamba ule ni mto.

Kinachoniudhi hapo ni kwamba dhana yenyewe mtoto anayo, tena kuliko mwenzake wa London. Visima vingi vya jiji hili vina chumvi. Tangu siku alipotumwa na dumu lake la kwanza, anajua kuna maji ya chumvi ya kufulia na kudekia, na kuna maji yasiyo na chumvi ya kunywa na kuchemshia chai, na akichanganya nyumbani hapakaliki. Anachokosa ni jina la Kiingereza tu. Sentensi moja ingetosha: maji "fresh" ni yale yasiyo na chumvi, kama ya bomba, siyo kama ya bahari. Badala yake tumempitisha Uingereza kwa miguu kwenda kumwonyesha kitu kilicho mlangoni kwao.

Maneno ya majira ya mwaka ndiyo balaa zaidi. "Winter" huelezwa kuwa ni kipindi cha baridi kati ya "autumn" na "spring". Fungua "spring": ni kipindi kati ya "winter" na "summer". Watoto wanazungushwa kama abiria aliyekosa kituo cha mwendokasi. Na hata ukiwaambia winter huanza Desemba, hapa Desemba ni jua la kuunguza na feni inayosukuma hewa ya moto. Maana ya neno kama hilo haikamiliki bila kutaja mahali: nchi za kaskazini, mbali na ikweta, kama Uingereza, ambako kuanzia Desemba hadi Februari siku ni fupi na baridi ni kali. Mtoto akijua hayo, hata picha ya theluji kwenye kadi ya Krismasi inaanza kumwingia akilini. "Breakfast", "lunch" na saa za Kiingereza nazo zina vituko vyao, lakini hayo mwalimu yeyote mwenye uzoefu anayajua, nisipoteze muda.

Mwaka 1987 ilitoka kamusi ya wanafunzi iliyoongozwa na John Sinclair wa Chuo Kikuu cha Birmingham. Iliachana na mtindo wa kipande cha sentensi, ikaeleza maneno kwa sentensi kamili, mara nyingi inayoanza na sharti: ukifanya hivi na hivi, basi hilo ndilo tunaloliita hivi. Kwenye dunia ya kamusi yalikuwa mapinduzi. Kwa mama wa Kiswahili isingekuwa habari. Sisi hivyo ndivyo tunavyoelezana siku zote: ukiona tui limeanza kutoa mafuta ujue limeiva, ukimwona konda anagonga bodi ujue kuna anayeshuka. Kile kiambishi cha "-ki-" ni mashine ya kutengeneza maana za maneno, na kila mtoto wa darasa la kwanza anayo kinywani bila kufundishwa.

Itumie kwa maneno yanayowasumbua. Sentensi "borrow me your pen" utaisikia kuanzia darasa la tano mpaka ofisini, na chanzo chake kinajulikana: kwetu kuazima kunatumika kwa anayeomba na anayetoa. Unaweza kumwandikia mtoto ubaoni kwamba "borrow" ni kuazima na "lend" ni kuazima, na utakuwa umesema kweli bila kumsaidia chochote. Au unaweza kuwasimamisha watoto wawili na penseli moja, ukasema: ukichukua penseli ya mwenzako ukaitumia kisha ukamrudishia, wewe ndiye uliye-borrow, ukimpa mwenzako penseli yako akaitumia kisha akakurudishia, wewe ndiye uliye-lend. Wabadilishane. Baada ya hapo muulize kila mmoja amefanya nini. Mtoto atakayekosea atasahihishwa na jirani yake kabla mwalimu hajafungua mdomo.

Tuna utamaduni mwingine wa maana za maneno ambao shule imeuacha kwenye kitabu cha Kiswahili, nao ni vitendawili. Nyumba yangu haina mlango: yai. Kitendawili kinatoa sifa na kuficha jina. Kamusi inatoa jina na kufuata na sifa. Ni kazi ile ile imegeuzwa. Na kugeuzwa kwake kuna faida kubwa ambayo sijaona vijitabu vikiitumia.

Mwambie mtoto wa Manzese: "It has three wheels. It carries people. It has no doors." Atasema bajaji kabla hujamaliza. Angalia kilichotokea. Hakuhitaji kufundishwa bajaji ni nini, maana kila siku inampita ikimpigia honi. Alichokipata ni "wheels" na "carries", maneno mawili ambayo hakuwa nayo, na ameyapata kwa kuyakisia kutoka kwenye kitu anachokijua nje ndani. Kwa njia ya kawaida tunaanza na kitu kigeni na kukieleza kwa maneno mageni. Kwa njia hii kitu ni chake, kwa hiyo maneno mageni yanakosa pa kujificha. Fanya hivyo kwa dagaa, kwa kitumbua, kwa kanga, kwa mama ntilie, kwa kivuko cha Kigamboni, na taratibu mtoto atakuwa amekusanya yale yale maneno ya West: umbo, rangi, ukubwa, kazi, mahali, vitenzi vya kubeba, kutunza, kufungua, kumimina. Ndiyo kiingilio chenyewe, kinalipwa kidogo kidogo.

Najua pingamizi linalokuja, kwa sababu nimelisikia mara nyingi kwenye vikao vya wazazi. Ukimweleza mtoto Kiingereza kwa Kiswahili, atabaki anatafsiri kichwani maisha yake yote. Bora azamishwe, atajifunza kuogelea. Zipo shule zinazoliamini hili hadi mtoto akiteleza akasema Kiswahili anavalishwa kibao shingoni. Sehemu ya hoja ina ukweli. Mtoto anayekisikia Kiingereza asubuhi hadi jioni, mwalimu wake akakizungumza vizuri, na nyumbani akawa na vitabu na katuni, ataokota maneno bila tafsiri. Kuna watoto wa hivyo Masaki na Mbezi Beach. Wazazi wao hawahitaji ushauri wangu.

Lakini huwezi kumzamisha mtu kwenye maji yasiyomfika kiwikoni. Wengi wa watoto wa jiji hili wako shule za serikali, ambako tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 masomo hufundishwa kwa Kiswahili na Kiingereza ni somo mojawapo. Kwao Kiingereza kilichopo mazingirani ni kile cha kwenye mabango na nyimbo. Kuwanyima maelezo ya Kiswahili hakuwaongezei Kiingereza. Kunawapunguzia uelewa tu. Na West, baba wa maana rahisi, hakuwa adui wa lugha ya nyumbani. Kitabu chake cha mwaka 1926 kilihusu elimu ya lugha mbili huko Bengal.

Ningeulizwa mimi, madarasa ya mwanzo wangepewa picha, sentensi moja ya Kiswahili yenye hiyo "-ki-", na sentensi mbili za Kiingereza zinazotokea Buguruni au Ubungo badala ya shambani kwa mzee mwenye trekta. Kufika darasa la tano Kiswahili kianze kupungua, kwa sababu mtoto ameshapata maneno ya kuelezea maneno. La saba aweze kushika kamusi ya Kiingereza kwa Kiingereza bila woga. Kamusi ya Kiingereza-Kiswahili ya TUKI, yaani Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, ya mwaka 1996 ni kazi kubwa na nzuri, lakini ilitengenezwa kwa watu wazima: inakupa kisawe, inaamini matumizi utajijazia. Simu nayo siku hizi inatoa kisawe kwa sekunde, na ina ugonjwa huo huo.

Sijafika bado kwenye maneno ninayoyaona muhimu kuliko yote, na ambayo sikumbuki kuyaona kwenye vijitabu vya tufaha na paka. Ni maneno ya kila siku ya darasani: "state", "list", "describe", "explain", "compare", "give reasons". Mtoto anamaliza la saba alikojibu kila kitu kwa Kiswahili, Januari anaingia kidato cha kwanza, na kila swali la Baiolojia, Jiografia na Historia linaanza na mojawapo ya amri hizo. Wengi wanazichukulia zote kuwa na maana moja: andika unachokijua. Na "define", mkubwa wao, wanaielewa kuwa ni amri ya kutapika mstari uliomo kwenye daftari, neno kwa neno, kwa sababu tangu darasa la tatu hivyo ndivyo walivyozoeshwa.

Maneno haya hayana picha. Huwezi kuchora "explain". Ila yanaelezeka kwa kitendo, kirahisi kabisa. Ukiambiwa "list", andika majina tu, moja chini ya jingine. Ukiambiwa "state", toa jibu kwa sentensi moja, sababu huulizwi. Ukiambiwa "describe", sema kitu kikoje, kama unamwelekeza mtu ambaye hajakiona. Ukiambiwa "explain", toa jibu, kisha useme kwa nini iko hivyo. Mwalimu akichukua swali moja, tuseme mvua za masika, akawajibisha darasa kwa amri zote nne, kipindi kimoja kinatosha kuwaonyesha tofauti. Ukurasa mmoja wa namna hiyo mwanzoni mwa kila kitabu cha kidato cha kwanza usingeigharimu Taasisi ya Elimu wino wa kusumbua.

Kwa sasa hali ilivyo ni hii. Mtoto anaulizwa kwa nini mikoko ya pwani ina mizizi inayochomoza juu ya tope, swali linaanza na "explain". Anaandika, kwa Kiingereza sahihi, kwamba mikoko ina mizizi inayochomoza juu ya tope. Anapata alama moja kati ya nne. Pembeni, kwa kalamu nyekundu, mwalimu wake anamsaidia aelewe alipokosea, anamwandikia kwa herufi kubwa: "EXPLAIN!"